Siku Saba za Gari la Kijani

Gari lilisajiliwa kwa jina lake siku ya Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019, na kadi ya usajili inaonyesha kwamba hakuna aliyelimiliki kabla yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshika magari mapya ya watu wengine kila siku ya kazi. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kuwa lake.

Pale gereji wanamwita Vumbi. Si kwamba ni mchafu. Hakuna fundi msafi kumzidi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ndilo neno alilolitamka mara nyingi kuliko jina la mkewe. Vumbi limeingia. Funga mlango, vumbi. Nani amepita hapa na vumbi? Akafoka weee, mpaka likamganda.

Chumba chake kiko mwisho wa gereji, na mlango wake umepigiwa kipande cha mpira chini ili upepo usipenye. Kabla ya kuanza kazi humwaga maji sakafuni, vumbi lilale. Magari huletwa kwake yakitoka dukani moja kwa moja, kabla hayajaijua barabara. Huyaosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu, ili sponji isirudishe kwenye bodi mchanga ilioutoa. Kisha huyasugua kwa donge la udongo laini linalonasa chembe ambazo jicho halizioni. Huwasha taa ndogo na kuipitisha karibu na rangi, akitafuta mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Hufuta kila kitu kwa spiriti. Baada ya hapo ndipo huja dawa yenyewe, ambayo huwa ndani ya kichupa kisichozidi cha dawa ya kikohozi. Huidondoshea kwenye kitambaa, akaipaka sehemu moja moja, akangoja kidogo, akaifuta. Ikikauka huwa kama kioo chembamba juu ya rangi. Mvua huteleza, kinyesi cha ndege hakiunguzi rangi, na gari hubaki na mng'ao wa siku ya kwanza.

Kazi inayobaki ni kungoja ikauke, na hapo ndipo ugomvi na wateja huanzia.

Maelezo ya kichupa yanasema gari lisilowe kwa siku moja na likae mbali na vumbi kwa siku tatu. Miaka ya mwanzo Vumbi aliwaambia wateja hivyo hivyo. Kisha mwenye duka la vifaa vya ujenzi akarudi siku ya pili, gari limejaa madoa ya mvua, akitaka lirudiwe lote bure, na mwenye gereji akaamuru lirudiwe. Wiki ile ile Vumbi alichukua karatasi ngumu, akaandika kwa herufi kubwa SIKU SABA BILA MAJI WALA VUMBI, akaigonga ukutani kwa misumari minne.

"Ukimwambia mtu siku tatu, anakupa moja na nusu," alimweleza mpiga rangi, rafiki yake wa chumba cha jirani. "Ukimwambia saba, anakupa tatu. Mimi nataka tatu zangu tu."

"Na akitokea wa kukupa saba zote?"

"Huyo atakuwa mwendawazimu."

Walicheka. Karatasi ilikaa pale miaka minane, na Vumbi akaisoma kwa sauti mbele ya wateja mara nyingi mno, hata akaisahau asili yake.

Aliyemlea ni dada yake. Wazazi wao walifariki yeye akiwa na miaka sita, dada akiwa na ishirini. Dada alikuwa mshonaji. Alipanga chumba kimoja, akaweka cherehani dirishani na meza ya kukatia vitambaa katikati, na mdogo wake akawa analala chini ya meza hiyo, juu ya godoro lililonasa nyuzi za kila rangi. Dada hakuolewa. Waliokuja kuposa walipouliza kama mtoto angeweza kupelekwa kwa ndugu wengine, aliwaonyesha mlango.

Sifa yake kubwa ilikuwa macho. Mteja angeleta kitambaa, naye angenyoosha mkono kwenye kopo la nyuzi na kutoa uzi wa rangi ile ile, bila kwenda nje kuulinganisha juani. Hata jicho la kushoto lilipopofuka kwa presha ya macho, miaka kumi kabla ya habari hii, aliendelea kushona kwa moja la kulia. Alisema moja linatosha, kwani sindano yenyewe ina tundu moja.

Vumbi alipokata shauri la kununua gari, alichukua kwa wakala wa magari kadi yenye rangi zote na kumpelekea. Dada anakaa ng'ambo ya mji, mahali lami inapokoma na kufuatiwa na kilomita nne za njia ya udongo. Aliisogeza kadi karibu na jicho, akairudisha mbali, akaisogeza tena.

"Hii nyeupe ni ya hospitali. Hii nyekundu watu watadhani zimamoto wanapita." Kidole chake kikatua. "Hii."

"Kijani cha chupa, dada? Rangi za giza zinaonyesha kila mkwaruzo."

"Basi usilikwaruze."

Siku hiyo ndiyo Vumbi alipomwahidi dada kwamba yeye ndiye atakayekalia kiti cha mbele kabla ya mtu mwingine yeyote. Mke wa Vumbi aliposikia hakununa. "Mimi najua foleni yangu," alisema. "Mbele dada, nyuma mimi, na katikati hapo sasa limeingia gari."

Jumatatu hiyo ya usajili Vumbi aliendesha gari kutoka kwa wakala mpaka gereji, akaliingiza chumbani kwake, akafunga mlango. Alilifanyia kazi siku mbili nzima. Jumatano jioni, tarehe 6, alifuta sehemu ya mwisho, akasimama na taa mkononi, akazunguka mara tatu bila kuona utando hata mmoja. Mafundi wote waliitwa kuja kuona, wakiwa wamevua viatu mlangoni. Fundi wa breki alisema gari limekuwa zuri kiasi kwamba yeye angeona haya kulipigia honi.

Kesho yake asubuhi dada alipiga simu.

"Mdogo wangu, gari limefika?"

"Limefika dada. Nimeshalipaka dawa. Sasa limelala."

"Limelala! Lina homa?"

"Halitakiwi kupata vumbi siku saba. Na ile njia yako…"

"Naijua njia yangu, usinisimulie." Alicheka. "Sikia. Hili jicho langu limeanza vituko. Naona nzi weusi wanapita mbele, nikiwapiga hawapo. Na pembeni kunamulika, pa, pa, kama mtu anachezea taa. Nilitaka unipeleke hospitali ya macho. Tutaanza na hiyo safari."

"Huo uchovu, dada. Umeshona mno."

"Labda."

"Jumatano alfajiri niko mlangoni."

"Jumatano si mbali."

Ukutani, chini ya karatasi, mpiga rangi alikuwa amechora mstari wa chaki kwa kila siku iliyopita, na kila asubuhi mafundi walichungulia mlangoni kuuliza mgonjwa wa wodi namba moja ameamkaje. Vumbi aliwafukuza, lakini alifurahi. Kwa mara ya kwanza aliyekuwa akisubiri ni yeye. Alikuwa amewaambia mamia ya watu wangoje siku saba na karibu wote wakaingia mitini kabla ya wakati. Sasa angewaonyesha jinsi mtu anavyongoja.

Jumamosi, siku ya tatu, dada alipiga tena. Vumbi alikuwa nyumbani na simu iko mezani, sauti imefunguliwa, mkewe anasikia.

"Wale nzi wamepungua," dada alisema, "lakini kuna pazia. Linashuka upande huu wa puani. Nikitazama mlango, nauona nusu."

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo."

"Chukua teksi, dada. Mimi nitakukuta hospitali."

"Teksi!" Sauti ilipanda. "Nimekuchagulia rangi, nimeshona na gauni, halafu nikapande teksi ya mtu? Na majirani nimeshawaambia. Nitapanda gari la mdogo wangu. Siku nne zitaniua?"

Vumbi alitabasamu. Anakiri hivyo mwenyewe, na ndilo jambo analolirudia kila anapoisimulia siku hiyo: kwamba alitabasamu.

Simu ilipokatika mkewe aliacha alichokuwa akikunja. "Si umpeleke?"

"Dawa haijakauka."

"Kwani hilo gari ni kidonda?"

"Wewe hujui mambo haya. Vumbi la njia ile likinasa humo ndani, halitoki tena. Itabidi nikwangue lote."

"Ulikwangue basi."

"Jumatano, mama watoto. Amesema mwenyewe hapaumi."

Jumatatu aliyepiga simu ni Vumbi. Dada alijibu kwa ufupi. Yupo. Amekaa. Alipoulizwa jicho linaendeleaje, alisema lipo mahali pake. Vumbi alikuja kujua baadaye, kwa jirani, kwamba siku hiyo dada alishindwa kutunga uzi kwenye sindano tangu asubuhi hadi saa sita, akafunika cherehani, na akamwomba jirani huyo asimwambie mtu, maana mdogo wake ana shughuli.

Jumatano, tarehe 13, gari lilitoka gereji saa kumi na mbili asubuhi. Lami ilipokwisha, Vumbi alipunguza mwendo mpaka baiskeli zikampita, ili kokoto zisirukie rangi. Kilomita nne zilimchukua dakika ishirini na tano.

Dada alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, amevaa gauni jipya la buluu, mkoba mapajani. Vumbi alipiga honi kidogo, kwa mbwembwe. Dada aliinua uso na kutabasamu, lakini tabasamu lilielekea upande, mahali palipokuwa na ndoo na ukuta. Majirani wawili waliokuwa wamekuja kushangilia walishusha mikono.

Vumbi alishuka. "Dada."

"Umefika. Liko wapi?"

"Liko hapa. Mbele yako hapa."

"Nishike mkono."

Alimshika. Zilikuwa hatua kama sita, na dada alizitembea akipapasa ardhi kwa ncha ya kiatu. Vumbi, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuruhusu mteja hata aguse boneti lake mwenyewe kwa kidole, aliuchukua mkono wa dada na kuulaza juu ya boneti. Vidole vilikuwa vigumu, vimechomwa na sindano maisha yote. Vikaanza kwenda polepole, mbele na nyuma, halafu dada akageuza kiganja na kupitisha mgongo wa mkono, kama alivyofanya siku zote alipopewa kitambaa cha bei kubwa.

"Laini," alisema. "Hapana mshono." Akapapasa mpaka kwenye taa. "Ni kijani kweli? Usinidanganye."

"Ni kijani, dada. Ile ile uliyoichagua."

"Linang'aa?"

Jirani mmoja ndiye aliyesema, "Linang'aa, shoga yangu. Tunajiona humo."

"Haya," dada alisema. "Nifungulie mlango wa mbele."

Njia ya kurudi Vumbi aliiendesha kwa kasi. Kokoto ziligonga chini ya gari na kwenye milango, na kila ilipogonga moja dada aliuliza, "Hiyo nini?" naye akajibu, "Si kitu."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alimchunguza dada kwa muda mrefu, kisha akageuza kiti akawatazama wote wawili.

"Utando wa nyuma ya jicho umebanduka wote," alisema. "Ilianza lini?"

"Alhamisi," dada alijibu.

"Alhamisi ya juzi juzi, au?"

"Hiyo iliyopita. Nzi wale. Pazia likaja Jumamosi."

Daktari aliandika. Vumbi aliuliza kama kuna dawa.

"Kuna upasuaji, na tutaufanya keshokutwa. Tutajaribu kuurudisha utando mahali pake. Lakini sitaki mtegemee makubwa."

"Tungekuja Jumamosi?"

Daktari alikuwa na chaguo la kusema uongo wa huruma, na akachagua kutousema. "Jumamosi, kwa maelezo yake, katikati ya jicho palikuwa bado pameshika. Wengi wanaofika hali ikiwa hivyo tunawaokolea macho. Pakishaachia, kila siku ni hasara. Kwa nini hamkuja?"

Dada alimtangulia Vumbi kujibu. "Usafiri," alisema. "Njia yetu mbaya."

Upasuaji ulifanyika Ijumaa. Utando ulirudi mahali pake, nuru haikurudi. Baada ya wiki sita dada aliweza kutofautisha dirisha na ukuta mchana, na kuona kivuli mkono ukipita karibu na uso. Daktari alisema hapo ndipo mwisho.

Jioni ya siku waliyopewa majibu hayo, mke wa Vumbi alimuuliza swali moja tu, na hakuuliza kwa ukali.

"Hiyo saba imeandikwa wapi?"

Alifungua mdomo kusema iko kwenye kichupa. Kichupa alikijua kwa moyo. Aliyasoma maelezo yake mara elfu. Yalisema tatu. Saba ilikuwa ya misumari minne, ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ya wateja watoro. Alikuwa amejiundia uongo wa kuwakomoa watu wasiosikia, na mtu mmoja tu ndiye aliyeusikia, naye ni yeye mwenyewe. Alishika tama mezani pale, na mkewe akamwachia chumba.

Aliamua kumwambia dada. Mkewe alimkataza, mpiga rangi alimkataza. "Utapata faida gani?" mpiga rangi alisema. "Unataka akubebee na hilo pia?" Vumbi alisema hajui faida, ila hawezi kukaa mbele yake akimmiminia chai huku mwenzake anaamini kwamba ilikuwa lazima.

Alikwenda mwanzoni mwa Mei. Dada alikuwa amekaa karibu na cherehani iliyofunikwa, mkono juu ya kifuniko. Vumbi alimweleza yote bila kujitetea: maelezo ya kichupa, karatasi, chaki, Jumamosi. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Jumamosi lilikuwa limekauka."

"Lilikuwa limekauka, dada."

"Ukijua?"

"Nilikuwa nikijua. Nikawa nimesahau kwamba najua. Sijui niseme vipi."

Dada aliomba maji. Alikunywa yote, akarudisha kikombe hewani, na Vumbi akakipokea. "Nenda nyumbani," alisema.

Baada ya hapo hakupokea simu kwa wiki tano. Vumbi alikwenda kila Jumapili, akakuta mlango umefungwa kwa ndani na kusikia redio. Aliacha vitu kwa jirani na kuondoka. Jirani alimwambia dada haulizi nani kaleta, ila anavitumia.

Pale gereji alibaki na kazi yake, kwa kuwa hana nyingine. Karatasi iling'olewa, mpiga rangi ndiye aliyeing'oa, siku ambayo Vumbi hakuja kazini, na hakuna aliyeizungumzia. Mwezi wa tano mwalimu mmoja alileta gari jipya la rangi ya fedha na, kazi ilipokwisha, akauliza ni siku ngapi.

"Tatu," Vumbi alisema. "Lakini kama una mgonjwa nyumbani, liendeshe leo."

Mwalimu alicheka, akadhani ni utani wa mafundi. Alingoja siku moja na nusu.

Gari la kijani lina michubuko midogo kumi na mitatu upande wa kushoto, ya zile kokoto. Vumbi anaweza kuiondoa kwa kazi ya asubuhi moja. Hajaigusa. Siku hizi mkewe ndiye anayeliosha, kwa ndoo moja na tambara la kudekia, akilisugua mviringo mviringo mpaka utando wa buibui umeenea boneti zima, na mumewe hupita karibu akaingia ndani.

Wiki ya tatu ya Juni simu iliita. Hakukuwa na salamu.

"Jirani anahama," dada alisema. "Na jana nimejichoma kwa jiko."

"Nakuja sasa hivi."

"Usije sasa. Nina vitu vya kupanga, na nataka kuvipanga mwenyewe." Vumbi alisikia redio nyuma ya dada. "Chumba chenu cha mbele kina dirisha upande gani?"

"Linatazama mashariki, dada."

"Basi asubuhi nitaliona." Redio ikazimwa. "Sijakusamehe, usije ukadhani. Sijui kama nitaweza. Lakini huko mtu wa kunishika mkono yupo."

"Ndiyo, dada."

"Haya."

Jumamosi, tarehe 29 Juni, saa tatu asubuhi, Vumbi atakwenda kumchukua. Dada atakaa chumba cha mbele, na mke wa Vumbi ameshaondoa zulia ili asijikwae. Kuanzia Jumatatu mwalimu wa kutembea kwa fimbo atakuwa anakuja mara mbili kwa wiki.